Jasusi Aliyeagiza Pombe Asubuhi

Septemba 1940, mwanamume mmoja aliingia baa katika mji mdogo wa Lydd, kusini mashariki mwa Uingereza, akaagiza pombe ya matufaa. Ilikuwa asubuhi. Mama mwenye baa akamwambia muda bado, arudi baadaye. Sheria ya nchi ilipanga saa za kuuza pombe, na hakuna Mwingereza mnywaji aliyehitaji kukumbushwa. Mgeni huyu hakuwa na habari. Aliitwa Carl Meier, alikuwa ametumwa na Wajerumani, amevuka bahari usiku kwa mashua, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri tu. Alikamatwa siku hiyohiyo. Desemba akanyongwa katika gereza la Pentonville, London.

Mwisho wa mwezi uleule wakaja wengine. Mwanamume na mwanamke walishukia pwani ya Uskoti kwa mashua ya mpira, wakatembea hadi stesheni ya Portgordon. Serikali ilikuwa imeamuru majina ya stesheni yaondolewe ili adui akitua asijue alipo, kwa hiyo ikabidi waulize: hapa ni wapi? Nguo zao zilikuwa zimelowa na mvua haikuwa imenyesha. Polisi wa kijijini akaitwa. Wakakutwa na bastola, redio ya mawasiliano na kipande cha soseji ya Kijerumani.

Nikiulizwa kwa nini mtu mzima mwenye shughuli zake bado anakesha na riwaya za majasusi wa vita, huwa nasimulia visa hivi viwili. Wengi hudhani utamu wake uko kwenye risasi, mabomu na warembo wenye siri. Vitu hivyo vimo, na kuna waandishi wanaovijaza kwa koleo. (Kama jalada lina swastika kubwa kuliko jina la mwandishi, mimi nakiacha kitabu palepale kwa muuzaji.) Lakini risasi utazipata kwenye riwaya yoyote ya majambazi. Kinachonishika mimi ni mtu anayeishi katikati ya maadui zake, ananunua mkate wanaponunua wao, analalamikia baridi wanayoilalamikia wao, na anajua fika kwamba anaweza kuponzwa na noti mpya kupita kiasi, au na mama mwenye nyumba asiyepiga hodi.

Huyo mama mwenye nyumba, Ken Follett alimtumia vizuri sana. Katika Eye of the Needle, riwaya ya mwaka 1978 iliyompatia jina duniani, jasusi wa Kijerumani amepanga chumba London. Kurasa za mwanzo kabisa mama mwenye nyumba, mjane mpweke, anaingia chumbani kwake na mambo yake ya mapenzi, anamkuta na redio. Anauawa hapohapo. Kuanzia dakika hiyo msomaji ameshaelewa kwamba hatari ya kitabu hiki inatoka kwa watu wema wanaokosea saa ya kuingia, na kwamba kila mtu mwema atakayetokea mbele huko ni wa kuhofiwa na kuhurumiwa kwa pamoja.

Halafu kuna jambo jingine ambalo riwaya za kawaida za upelelezi hazina. Jasusi huyo anagundua kwamba jeshi kubwa linalosemekana kukusanyika mashariki mwa Uingereza ni danganya toto, limewekwa ili Wajerumani waamini kwamba mashambulizi yatashukia Calais, kaskazini mwa Ufaransa. Habari hiyo ikimfikia Hitler, pwani ya Normandy, watakakotua kweli, itakuwa machinjio. Sasa, wewe na mimi tunajua kilichotokea tarehe 6 Juni 1944. Tunajua kwamba habari haikufika. Mwandishi naye anajua kwamba tunajua, na bado kurasa za mwisho unazisoma umekaa ukingoni mwa kiti. Mwisho wa vita umeshaandikwa kwenye vitabu vya shule, ila hatima ya mwanamke mmoja kwenye kisiwa chenye dhoruba, jasusi anakoishia, haijaandikwa popote. Hapo ndipo mwandishi anapopata nafasi ya kututesa.

Jeshi hilo la uongo lilikuwepo kweli, yaani uongo wenyewe ulikuwa wa kweli. Lilikuwa na vifaru vya mpira wa kujazwa upepo na jenerali wa nyama na damu, George Patton, aliyewekwa juu yake kwa sababu Wajerumani walimwogopa. Na aliyewauzia Wajerumani bidhaa hiyo kuliko mtu mwingine yeyote ni Mhispania wa Barcelona, Juan Pujol García, ambaye Waingereza walimpa jina la Garbo. Mwandishi akimpelekea mhariri kisa kama chake ataambiwa apunguze chumvi.

Pujol aliwachukia Wanazi. Akajitolea kwa Waingereza, wakamkataa. Akaenda kwa Wajerumani, wakamkubali na kumtuma Uingereza. Hakwenda. Alikaa Lisbon, Ureno, na kitabu cha watalii, ramani na magazeti, akaanza kutunga ripoti kutoka nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Aliandika kwamba Glasgow kuna watu walio tayari kufanya lolote kwa lita moja ya divai, ilhali wafanyakazi wa Glasgow walikuwa watu wa bia na wiski, na habari za lita hawakuwa nazo. Mahesabu ya pauni, shilingi na peni yalimshinda kabisa, kwa hiyo gharama zake alizipeleka moja moja bila jumla. Makosa ya namna hiyo ndiyo yaliyomtia Meier kitanzini. Pujol yeye alisalimika, kwa sababu waliokuwa wakimsoma huko Berlin na Madrid nao hawakuyajua maisha ya Glasgow.

Mwaka 1942 Waingereza wakazinduka na kumchukua. Akiwa London, pamoja na ofisa wa MI5, idara ya usalama ya Uingereza, aitwaye Tomás Harris, alijenga mtandao wa mawakala 27, na katika hao wote hakuna hata mmoja aliyewahi kuzaliwa. Kila mmoja alikuwa na kazi yake, tabia yake, manung'uniko yake kuhusu malipo. Wakala wa Liverpool alipofika mahali ambapo angetakiwa kuona meli nyingi mno zikikusanyika kwa safari ya Afrika Kaskazini, wakaona heri augue na kufa. Tangazo la kifo likatoka gazetini. Wajerumani wakatuma rambirambi na pensheni ya mjane. Mjane gani? Wa marehemu ambaye hakuwahi kuishi!

Siku tatu baada ya majeshi kutua Normandy, Garbo aliwatumia Wajerumani ujumbe mrefu: huku ni kuzuga, pigo lenyewe linakuja Calais. Divisheni zilizohitajika Normandy zikabaki Calais zikisubiri jeshi la mpira kwa wiki kadhaa. Mwezi wa Julai Wajerumani wakamtunuku Msalaba wa Chuma, na kabla mwaka haujaisha Waingereza nao wakampa nishani yao ya MBE. Baada ya vita akajizushia kifo na kuhamia Venezuela, hadi mtafiti mmoja alipompata mwaka 1984.

Mimi nikisoma habari hizo simwoni askari, namwona mtunzi. Alijua mhusika asiye na kasoro haaminiki. Alijua habari nzuri ikichelewa kidogo inaaminika zaidi kuliko inayofika mapema. Wala si ajabu kwamba kazi hii iliwavuta waandishi. Somerset Maugham aliifanya Uswisi katika Vita vya Kwanza, Graham Greene aliifanya Freetown, Sierra Leone, kati ya 1942 na 1943, na mwenyekiti wa kamati iliyosimamia majasusi wa pande mbili, John Masterman, alikuwa mwalimu wa Oxford aliyekwisha kuandika riwaya ya upelelezi. Hata ule ujanja maarufu wa 1943, wa kuielekeza maiti yenye barua za uongo kwenye pwani ya Hispania, chimbuko lake lilikuwa wazo lililookotwa riwayani. Kwa hiyo mtu akiniambia riwaya hizi ni porojo tupu, namjibu kwamba zipo porojo zilizobeba vita.

Zinanikera pia. Riwaya nyingine ya Follett, The Key to Rebecca ya mwaka 1980, imejengwa juu ya kisa cha kweli cha Cairo. Mei 1942 mvumbuzi wa jangwa kutoka Hungaria, László Almásy, aliwapitisha majasusi wawili wa Kijerumani kwenye Sahara hadi Assiut. Mmoja wao, Johannes Eppler, alikuwa amelelewa Misri na baba wa kambo Mmisri, Kiarabu akikizungumza kama mwenyeji. Walipanga nyumba ya mashua kwenye Mto Nile. Ufunguo wa maandishi yao ya siri ulikuwa riwaya ya mapenzi ya Daphne du Maurier, Rebecca. Kisha wakaanza kula pesa. Vilabu vya usiku, wacheza dansi, noti za pauni zikitawanywa ovyo, na redio haijibiwi. Ofisa kijana wa mawasiliano wa jeshi la Misri aliletwa aitazame ile redio. Julai wakakamatwa wote wawili, na yule ofisa naye baadaye akatiwa ndani. Jina lake lilikuwa Anwar Sadat.

Follett alimgeuza mlevi Eppler kuwa muuaji hodari wa kisu anayemtumia Rommel, jenerali wa Kijerumani aliyekuwa akiinyemelea Misri, mipango ya kweli ya Waingereza. Namwelewa. Jasusi anayekunywa bajeti yote na kukamatwa akiwa amelala hawezi kubeba kurasa mia tatu. Shida yangu iko kwingine. Riwaya nyingi za aina hii zimeandikwa kutoka London, na ukiitazama Cairo kutoka London, Mmisri anayemsaidia Mjerumani ni msaliti, basi, kesi imekwisha. Lakini tarehe 4 Februari mwaka huohuo wa 1942 vifaru vya Kiingereza vilikuwa vimeizingira ikulu ya Mfalme Farouk ili kumlazimisha amteue waziri mkuu waliyemtaka wao. Nchi ilikuwa na mfalme wake, na bado balozi wa kigeni ndiye aliyepanga serikali. Sadat kijana alimsaliti nani hasa? Simtetei Mjerumani hata kidogo. Kama Rommel angefika Cairo, Wamisri wangebadilishiwa bwana tu. Ila swali hilo lina uzito kuliko redio na visu vyote vya kitabuni, na waandishi wengi wa Ulaya hulipita kama gari linavyopita kituo kisicho na abiria. Miaka 28 baadaye mfungwa yule alikuwa rais wa Misri.

Sisi tuliosoma riwaya za Kiswahili tuna sehemu yetu katika mchezo huu. Mwaka 1974 Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona, na jasusi wake Willy Gamba akaingia mjini. Nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibwa, kijana anatumwa Nairobi kuzifuata, na kinachofuata ni ndege, hoteli, ngumi na akina dada. Vijana waliazimana kitabu hicho mpaka jalada likabanduka. Musiba aliona jambo moja kwa usahihi kabisa: kwamba sisi nasi tulikuwa vitani. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Frelimo ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine walikuwa na ofisi mjini, na Wareno, Makaburu na wakubwa wa Vita Baridi walitega masikio yao mitaani. Tarehe 3 Februari 1969 kiongozi wa Frelimo, Eduardo Mondlane, aliuawa hapohapo Dar na bomu lililofichwa kwenye kifurushi cha kitabu.

Lakini Willy Gamba haogopi kitu, na hapo ndipo ninapoachana naye. Anaingia chumba chochote na kila mtu anageuka kumtazama. Jasusi wa kweli akigeukiwa hivyo ameisha. Riwaya ninayoisubiri mimi ni nene, ya taratibu, na mhusika wake mkuu ni mwoga. Iwe Dar ya mwaka 1968. Kijana kutoka ng'ambo ya Ruvuma anafanya kazi ndogo katika ofisi ya harakati, na kuna mtu Lisbon anayemlipa. Amepanga chumba Temeke, nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ua mmoja, choo kimoja. Jaribu kuficha redio humo! Balozi wa nyumba kumi wa TANU, chama tawala cha wakati huo, anataka kujua mgeni katoka wapi na ataondoka lini, wala hana ubaya wowote, ni wajibu wake. Barua hazifiki bila mtu kuuliza zimetoka kwa nani. Pesa akiwa nazo ataombwa akopeshe, akizificha ataulizwa anakulaje.

Amewaambia majirani kwamba yeye ni Mmakonde wa Newala. Sasa Kimakonde cha Newala na cha upande wa Mueda, kule Msumbiji alikotoka, havifanani, na mama anayeuza vitumbua pale nje kazaliwa Newala. Watu wa Usalama watamtafuta miezi mingi bila mafanikio. Yule mama atamjua siku ya pili, akidai chenji yake, na kuanzia hapo mwandishi ana kurasa mia tatu za kuamua huyo mama anafanya nini na anachokijua. Atakayeiandika anipe taarifa, nitanunua nakala mbili, moja ya kuazimisha.