Moto wa bibi bila nyumba ya bibi

Jumapili alfajiri, sakitu imelala juu ya majani ya viazi kama kuna mtu kapita na gunia la chumvi linalovuja, simu yangu ikalia. Mama mdogo, wa Dar, karusha ujumbe kwenye kundi la ukoo: "NJIA 7 ZA ASILI ZA KUJIKINGA NA KIPUPWE. Soma, kisha watumie uwapendao." Huyu mama mdogo, ikifika Julai akavaa sweta kule Mbagala, hutupigia simu kutusimulia baridi. Sisi wa Njombe tunamwambia "pole sana mama" huku vidole vimekufa ganzi.

Nilikuwa nazipitia tu. Tangawizi. Kitunguu saumu. Limao na asali. Nyungu. Nikafika namba tano nikakaa kitandani: "Washa jiko la mkaa, likishakolea liingize chumbani, funga mlango na madirisha. Chumba kitashika joto la asili usiku kucha."

Joto la asili! Chini yake watu kumi na sita wameshaandika "Amina" na "Asante mama kwa elimu". Mmoja wao kasoma kemia mpaka kidato cha sita, tulimchangia ada sisi wenyewe. Naye kaweka vile vikono vya kuomba.

Hili neno "asili" siku hizi ni kama muhuri wa serikali ya mtaa: likishagongwa juu ya karatasi, hakuna anayesoma kilichoandikwa chini. Kwani mkaa si wa asili? Ni mti. Na ile hewa inayotoka ndani yake ni ya asili vilevile, haina rangi, haina harufu, na inaua watu wamelala vizuri kabisa, mashuka yamewafunika mpaka shingoni.

Ninayajua haya kwa mwili wangu. Mwaka wa kwanza nilipopanga chumba mjini, Juni iliponichapa nilinunua jiko dogo la bati. Niliambiwa hatari ni moshi, kwa hiyo nikawa mwangalifu: nawashia nje, nasubiri mpaka makaa yawe mekundu, hakuna hata uzi wa moshi, ndipo naingiza. Nikafunga. Nikaziba na upenyo wa chini ya mlango kwa taulo, maana mimi ni mtu wa kumaliza kazi.

Kilichoniokoa ni mkojo. Saa tisa usiku nilitaka kwenda chooni, miguu ikakataa. Kichwa kinagonga kama kinu, tumbo linapanda, na akili inaniambia, kwa upole kabisa, lala tu, utaenda asubuhi. Sijui nilifikaje mlangoni. Nakumbuka sakafu ya korido, na miguu ya mama mwenye nyumba ndani ya kandambili.

Kesho yake kila mtu alikuja na lake. Mmoja akasema malaria, nikapima, hakuna. Mwingine akasema nimechezewa, tena akamtaja na aliyenichezea. Mama mwenye nyumba, kwa roho nzuri, akaniambia kosa langu lilikuwa moja tu: "Ungeweka sufuria ya maji pembeni mwa jiko, mwanangu. Maji yanavuta sumu yote." Nikamwamini. Mwaka mzima nimelala na jiko na sufuria ya maji, na sababu ya mimi kuwa hai ni kwamba dirisha la chumba kile lilipasuka kioo baada ya usiku ule na mwenye nyumba hakuwa na haraka ya kuweka kingine. Kumbe ubahili wake ndio uliokuwa dawa.

Maji hayavuti chochote. Hewa ile, kabonimonoksaidi, haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kumsaidia mtu. Na makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotudanganya zaidi, kwa sababu moshi walau unakukohoza ukatoka nje. Hii inaingia na pumzi na kuing'ang'ania damu mara zaidi ya mia mbili kuliko oksijeni inavyong'ang'ania. Damu inazunguka kama kawaida, mapafu yanafanya kazi kama kawaida, ila oksijeni haifiki. Ubongo nao, ambao ndio ungekuamsha, ndio unaozimwa mapema. Kwa hiyo ukiona watu wa chumba kimoja wote wameamka na kichwa na kichefuchefu, hakuna mwenye homa, na wakikaa nje saa moja wanapata nafuu, msianze kutafutana uchawi. Tokeni nje, nendeni hospitali, na mseme kulikuwa na jiko.

"Lakini mababu zetu walilala na moto." Najua, mjomba, umeshaandika hivyo kwenye kundi. Twende basi kwa bibi.

Bibi yangu wa Makete alikuwa na jiko la nje, nyumba yake peke yake. Nyasi juu, fito na udongo pembeni, na udongo wenyewe umebanduka upande wa magharibi. Kati ya ukuta na paa paka alikuwa anapita bila kuinama. Tulikaa pale jioni tunaota moto, migongo inaganda, magoti yanaungua, mpaka viazi vilivyofukiwa kwenye majivu viive. Kisha bibi anasema "haya", tunakimbilia nyumba ya kulala, ambayo ilikuwa baridi kama kisima, wajukuu wanne kitanda kimoja chini ya mablanketi mawili. Moto ulibaki kule kule jikoni. Hata wale wa zamani zaidi waliolala na moto katikati ya nyumba, nyumba zile zilikuwa zinapumua kila upande.

Sisi tumeuchukua moto wa bibi tukaiacha nyumba ya bibi. Dirisha la aluminiamu, dari ya jipsam, marumaru, mlango wenye mpira pembeni ili vumbi lisipite. Tumejenga chupa, tumeingia, tumefunga na kizibo, halafu tunasema tunafuata mila.

Na nisimpambe bibi kupita kiasi. Alikohoa maisha yake yote, macho mekundu mwaka mzima. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa ndani ya nyumba unakaribia kuongeza mara mbili hatari ya mtoto mdogo kupata homa ya mapafu, na mtoto mdogo ndiye anayebebwa mgongoni mama akipika. Kwa hiyo hata jiko la bibi halikuwa peponi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hata wakubwa wakilizungumza jiko, wanazungumza sufuria. Tuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ulizinduliwa 2024, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034. Safi kweli, naunga mkono, mtungi ninao. Lakini soma jina lake: ya kupikia. Huku kwetu, zaidi ya mita elfu moja na mia tano, elfu mbili juu ya bahari, jiko la mkaa lina kazi mbili, na ya pili inaanza maharage yakishaiva. Mtungi unachemsha maharage vizuri tu, ila sijaona familia imeuzunguka mtungi wa gesi inaota moto. Ukimpa mama mtungi usimpe jibu la saa tatu usiku, mkaa atanunua. Mitungi tutahesabu, na jiko litaendelea kuingia chumbani.

Haya, hizo namba nyingine. Tangawizi nakunywa, kila siku, kwa sababu ni tamu na ina joto, wala sidai inakinga chochote. Asali inatuliza kikohozi, hilo nakubali, ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe hata ya kulamba. Limao sawa, ingawa pera linalizidi mbali kwa vitamini C na hakuna anayelirushia ujumbe. Kitunguu saumu kula, lakini usikae na mimi siti moja. Nyungu, tangu ile 2020 nchi nzima ilipojifukiza, sina hamu ya ubishi; nasema tu kwamba mtoto, blanketi na sufuria ya maji yanayochemka havikai pamoja.

Halafu kosta. Panda kosta ya Makete saa kumi na mbili asubuhi, watu zaidi ya thelathini, nusu wanakohoa, fungua dirisha vidole viwili usikie kelele. "Kaka, funga, tutapata mafua!" Mafua mnayapata kwa sababu limefungwa! Sawa, baridi nayo ina mkono wake, virusi vya mafua hudumu zaidi kwenye hewa baridi na kavu. Lakini lazima vitoke kwa mtu, na yule mtu yuko siti ya nyuma yako, anapiga chafya kisogoni kwako tangu stendi.

Nilimjibu mama mdogo hivi, maana shikamoo peke yake isingetosha: mama, chumba usikipashe, pasha mtu. Mtoto avae soksi na kofia hata kitandani. Ale kitu cha moto kabla ya kulala, na kipande cha parachichi, yamejaa. Maji ya moto yasiyochemka kwenye dumu dogo, likazwe, livingirishwe kanga mbili, liwekwe miguuni nusu saa kabla. Moto tuote jikoni, mlango wazi, kisha tuuache huko huko. Asubuhi jua likitoka madirisha yote yafunguliwe, hata kama mnanuna.

Alisikiliza. Akarekodi sauti dakika nne, mbili za kwanza ni kuulizia ndoa yangu, kisha akasema: "Nimekuelewa mwanangu, namba tano naifuta." Na kweli akafuta.

Juzi jioni ujumbe umenirudia kupitia kundi la wazazi wa shule. Namba tano ipo pale pale, neno kwa neno. Ila sasa kuna mtu mwema kaongezea kwenye mabano: usisahau sufuria ya maji.