Bima Ipo, Mzee

Leo asubuhi benki imeniandikia "Mteja wetu mpendwa". Ukiona benki inakupenda kiasi hicho, shika mfuko. Wanataka nakala ya bima ya jengo letu la ghorofa, la sivyo wataninunulia bima yao wenyewe na kuiongeza kwenye mkopo wa nyumba, kwa bei watakayopanga wao, na mimi niseme asante.

Bima yenyewe naigharamia. Imo ndani ya ada ya huduma, pamoja na taa za ngazi zisizowaka, maji yanayotutembelea Jumanne, na yule soja anayefungua geti akisikia honi ya Prado tu. Mimi huja na tuktuk.

Kumwandikia meneja wa jengo nilishamwandikia. Kwa WhatsApp anasoma na kunyamaza. Barua pepe anasema haijafika. Ukimpigia yuko mkutanoni, na nyuma yake unamsikia mtu akiitisha ugali na mbuta. Basi nikajiendea mwenyewe, juu kule kwenye ofisi yake karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu. Karani akaniuliza kama nina miadi. Ofisini hamkuwa na mtu mwingine ila feni.

Meneja ni kijana mdogo, ila kiti chake ni kikubwa.

"Mzee, bima ipo."

"Naomba nakala."

"Ipo, mzee wangu, usiwe na wasiwasi."

"Najua ipo, kijana wangu. Nataka nakala."

"Sasa kama unajua ipo, nakala ni ya nini?"

Nikakosa jibu. Nikamweleza kwa upole kwamba tangu Desemba 2020 tuna sheria mpya ya nyumba za ghorofa, na kwamba bima ya jengo si siri ya mtu mmoja. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema hiyo ni ya Nairobi.

Hatimaye akatoa faili. Kutazama ruhusa, kupiga picha hapana. Akaishika ile karatasi kifuani kama mcheza karata, akaanza kunionyesha. Jina la jengo hili hapa, umeona? Muhuri huu hapa, umeona? Nikaona. Nikaona pia kidole gumba chake cha kulia, kucha imebaki na umanjano wa mchuzi wa mchana, kimekandamiza mahali pamoja bila kuhama.

"Na hapo chini ya kidole?"

"Hapo hakuna kitu."

"Kuna tarehe."

"Mzee, tarehe ni tarehe tu."

Nikampa kalamu anisainie kwenye daftari langu kwamba nilifika. Akaipokea kwa mkono wa kushoto, akasaini kwa mkono wa kushoto, saini nzuri kuliko yangu. Simu yake ikalia kwenye mfuko wa kulia. Akajipinda kama nyoka, akaitoa kwa kushoto. Kidole hakikubanduka. Hivi kama jengo letu lingelindwa kama ile tarehe, nani angehitaji bima?

Ndipo upepo wa mvua ukaingia dirishani, ule wa jioni unaotoka ziwani bila hodi. Karatasi zikaruka. Akaisukuma ile moja ndani ya faili, akaikalia. Haki ya Mungu, akaikalia! Sasa mimi ni mtu mzima, nina mtoto kidato cha nne, kanisani nahesabu sadaka. Nikajikuta nimeshika pembe ya faili, yeye amekaza makalio, karani anaita, "Baba, tafadhali, baba!" Nikatoka na kipande kisichozidi stempu. Kimeandikwa "Ukurasa wa 1 kati ya". Kati ya ngapi, anajua aliyekalia.

Benki itakubali hicho? Na hapa Kisumu radi inapiga karibu kila jioni, pale chini jirani anakaanga chipsi kwa waya uliofungwa na utepe, na mimi nalipa kila mwezi, kila mwezi, halafu naambiwa ipo! Ipo wapi? Chini ya nani?

Mvua ikashika. Nauli ya tuktuk ikapanda nikiwa tayari nimeketi. Dereva akanishauri nirudi kwetu nijenge ya udongo, haina meneja. Nikamuuliza tuktuk yake ina bima? Akasema ilikuwa ya mwezi, na mwezi umeisha.

Akaniteremsha Obunga maana mbele kulikuwa matope. Kina mama walikuwa wanakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki iliyokwisha kutolewa minofu. Minofu ya mbuta inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki kunyonya mifupa, na mifupa nayo imepanda bei. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017 unafungiwa kwa gazeti, mafuta yanakufuata hadi kwenye soksi. Nikala nimesimama. Nikamwambia mama chumvi imezidi.

"Hiyo chumvi ni ya bure, baba. Wewe lipa samaki."