Kikombe chenye mistari

Kwenye maduka ya spea za pikipiki huku Uingereza kuna kikombe cha plastiki kinachoning'inia karibu na kaunta, pale ambapo kwetu Tanzania pangekaa pipi na vocha. Kina mistari. Upande mmoja mililita, upande wa pili uwiano: 30 kwa 1, 40 kwa 1, 50 kwa 1. Bei yake haifiki sahani ya chipsi kuku. Kila nikikiona nafurahi, sekunde mbili baadaye nakasirika, na hasira yenyewe inaelekea nyumbani. Kwa hiyo leo mtavumilia, somo ni kikombe.

Kazi yake ni kupimia oili inayochanganywa na petroli kwa ajili ya pikipiki ndogo za porini, zile za mipigo miwili. Najua kijiweni watacheka: nani bado anapanda pikipiki ya kuchanganya? Wako wengi, na si kwamba wamekosa za kisasa. Chukua Yamaha YZ125. Ina cc 125, ukubwa ule ule wa bodaboda nyingi za kwetu. Boxer ya 150 inatoa nguvu ya farasi 12 hivi, hii inatoa zaidi ya 30, kwa sababu inachoma mafuta kila mzunguko mmoja wa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) wakati Boxer inachoma mzunguko mmoja na kupumzika mmoja. Haina valvu wala kemshafti kule juu ya silinda. Ikiwa na mafuta na maji yake ina kilo 95 tu. Ikikulalia kwenye kijito katikati ya mawe unainyanyua peke yako na kuendelea, na aliyewahi kunyanyua pikipiki nzito mara 6 kwa asubuhi moja anaelewa kwa nini hilo peke yake linatosha kumfanya mtu aipende.

Halafu kuna tabia yake. Chini inasinzia, ukifika katikati ya resi inaamka kwa kelele kama nyuki waliochokozwa, na kazi yako yote ni kuizuia isilale tena. Klachi unaichezea kwa kidole kimoja, umesimama juu ya pegi, viwiko nje, macho mbele kabisa, si kwenye tairi. Ukikosea gia inakuumbua hapo hapo. Pikipiki kubwa inakusamehe makosa, hii inakufundisha, na ndiyo maana hata wazee wenye hela za kununua kubwa wanarudi kwenye 125.

Ila injini hii haina oili ya kulainisha krenki na pistoni. Oili iliyomo ndani ni ya gia na klachi tu, robo tatu ya lita hivi. Krenki, beringi na pistoni vinaishi kwa ile oili iliyo ndani ya petroli, basi. Ndiyo maana kikombe.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la 5. Kwenye lita 5 za petroli, uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 100 za oili. 40 kwa 1 ni mililita 125. 30 kwa 1, ambao ndio Yamaha wenyewe wanaoandika kwa YZ125, ni mililita 167. Unamimina nusu ya petroli kwenye dumu, unatia oili yote, unamalizia petroli, unatikisa. Asubuhi kabla ya kupiga kiki unaitikisa tena pikipiki yenyewe, kwa sababu imelala usiku kucha. Oili iwe ya mipigo miwili yenye alama ya JASO FD, isiwe ile ya Boxer iliyobaki kwenye kopo.

Sasa kwetu. Jamani, kwetu tunamimina kwa macho! "Mpaka rangi ikae." Rangi ya nini, wakati kila oili ina rangi yake? Kuna nyekundu, kuna bluu, kuna ya kijani. Mwingine anapima kwa kizibo bila kujua ni kizibo cha chupa gani. Na ukiuliza unajibiwa kwamba ukizidisha ni salama zaidi. Hapo ndipo ninapochoka. Oili ikizidi, kinachopita kwenye jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupitishia petroli, ni oili zaidi na petroli kidogo, kwa hiyo injini inapata mafuta haba, inachemka. Wakati huohuo plagi inalowa masizi na eksozi inajaa uji mweusi. Mtu anaona moshi na masizi, anasema mafuta yamezidi, anaweka jeti ndogo. Sasa ameikaba mara mbili. Wiki ijayo pistoni imekamata, anasema pikipiki za kuchanganya hazifai Afrika.

Najua mnachotaka kusema. "Huyu amekula baridi kidogo tu ameanza kutufundisha petroli." Tulieni, sijamaliza. Mvuvi wa Mafia au Kilwa mwenye Yamaha Enduro nyuma ya boti anachanganya oili maisha yake yote, na injini inamfikia mwanawe. Mafundi wa Vespa wa Unguja wanasikia kasoro kwa sikio kabla hujaizima. Bwana shamba wa zamani na AG100 yake, ile Yamaha ya shambani, alipanda milima ambayo watu wa huku wangeandaa msafara na hema. Ujuzi tunao. Tena chukua chupa ya soda ya mililita 350: nusu yake ni 175, ukiitia kwenye lita 5 umepata karibu kabisa ile 30 kwa 1 ya Yamaha. Bibi yake mtu angeweza kupima hivyo. Tatizo langu liko kwenye nusu "ya kukadiria", na kwenye zile lita 5 ambazo hazijawahi kuwa 5 pale zinapouzwa kwenye chupa za maji kando ya barabara.

Boti pia si pikipiki. Injini ya boti inapozwa na bahari nzima na inakwenda kwa resi moja saa 2. AG100 ilikuwa na tangi lake la oili na pampu inayojipimia, bwana shamba hakuwa na haja ya kuchanganya, alichotakiwa ni kukumbuka kulijaza (na walioisahau wanajua kilichowapata). Pikipiki ya porini ya 125 inakwenda mizunguko 11,000 kwa dakika, inapanda, inashuka, inazama kwenye tope, radieta imejaa udongo. Haina nafasi ya makadirio.

Na petroli yenyewe. Mafuta ya taa yakichanganywa humo, injini inagonga kwa sauti ya kokoto ndani ya kopo, mwisho pistoni inatoboka juu kama imechomwa msumari wa moto. Kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa 2011 na vinasaba vilivyoanzishwa na Ewura, ile kemikali ya kutambulisha mafuta halali, vimesaidia, lakini petroli ya chupa kijijini haina vinasaba, ina imani. Huku nako wana lao: tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya pampu ni E10, ina ethanoli hadi asilimia 10, inanyonya unyevu na kuharibu mipira ya kabureta za zamani. Wenye kujali wananunua super, yenye ethanoli kidogo, wanachanganya ya kutosha safari moja, na mwezi ukipita iliyobaki hawaitumii.

Msidhani naisifia nchi ya watu. Kwa upande wa njia za kupita, huku ni mateso. Pikipiki inayoweza kupita popote hairuhusiwi kupita karibu popote. Uingereza na Wales kila njia imechorwa kwenye ramani: hii ya miguu, hii ya farasi, hii ya magari yote. Pikipiki ni ile ya mwisho tu, na sheria ya 2006 ilifuta haki za magari kwenye njia nyingi ambazo hazikuwa zimeandikishwa. Uwe na namba, bima na cheti cha ukaguzi hata kama unakwenda kujipaka tope. YZ125 haina taa wala namba, kwa hiyo ni uwanjani kwa kulipia au kwenye shamba la mtu aliyekuruhusu, vinginevyo sheria ya 2002 inawapa polisi uwezo wa kuibeba. Watu wanalipa kiingilio kwenda kuteleza kwenye tope! Mimi natoka nchi ambayo tope hilo ndiyo barabara ya kwenda zahanati. Dereva wa bodaboda wa Lushoto, masika, gunia la viazi nyuma na mama na mtoto juu yake, ana mikono ya klachi ambayo hawa wenye suti za rangi hawatakuja kuipata. Mpe YZ125 saa 1 azoee, muone.

Lakini mpe pia mtu wa kumwambia mambo mawili matatu, maana Boxer haikumfundisha. Kwenye mteremko mrefu wa Usambara akifunga mafuta na kuacha gia ishike, injini inazunguka kwa kasi bila petroli, na bila petroli hakuna oili. Anatakiwa kubana klachi na kupiga resi fupi kila baada ya muda. Asubuhi ya baridi asiondoke na kiki ya kwanza: pistoni ya alumini inatanuka haraka kuliko silinda ambayo maji yake bado ni baridi, inakwaruza sehemu 4 kama imeshikwa na koleo. Asubiri mpaka radieta iwe vuguvugu mkononi. Na jeti ya kabureta iliyofaa Wales mwezi Januari ni kubwa mno kwa Mbeya, mita 1,700 juu, hewa nyepesi. Ashushe namba moja moja huku akitazama plagi. Rangi ya chai ya maziwa ni sawa, nyeusi mbichi mafuta yamezidi, nyeupe azime haraka.

Kuhusu mafundi nitasema hili, mnirushie mawe. Kubadilisha pistoni ya mipigo miwili ni kazi ya mchana mmoja, sanduku dogo la spana linatosha. Toa tangi, eksozi, kabureta, mwaga maji, fungua kichwa, vuta silinda. Kabla ya kutoa pini, ziba mdomo wa krenki kwa kitambaa safi, kwa sababu kile kiklipu cha pini kikiruka kikaingia humo, mchana umekuwa wiki. Mshale wa pistoni uelekee eksozi. Klipu ziwe mpya kila mara. Ya zamani imeshalegea, ikichomoka inachana silinda kutoka juu hadi chini. Fundi wetu anairudisha ya zamani "bado nzima," na gasketi anakata kwenye boksi la sabuni, unene wowote, wakati unene huo ndio unaoamua pistoni inafika wapi. Kisha silinda ikichubuka anaipeleka kuchongwa. Kwa silinda ya chuma ya AG100 yuko sahihi kabisa. Silinda ya YZ125 ni alumini iliyopakwa tabaka jembamba gumu lenye nikeli. Ukiichonga umeondoa kila kitu kilichokuwa na maana, pistoni mpya inakula alumini tupu. Inapakwa upya au inanunuliwa nyingine. Sina habari njema hapo.

Moshi mweupe usioisha na oili ya gia inayopungua bila kuvuja chini: sili ya krenki upande wa klachi. Msimchonge mtu silinda kwa sababu ya sili.

Mtaniambia nani ana hela ya kuchezea pikipiki isiyobeba abiria. Swali halali, na Uganda wanalijibu kila msimu pale Garuga, kwenye uwanja wao wa mashindano ya pikipiki, watoto wanaanza na cc 50. Mtaniambia pia kikombe hakipatikani. Duka la dawa linauza bomba la sindano la mililita 50. Mabomba 2 yakijaa ni mililita 100, lita 5 za pampuni, siyo za chupa, tayari una 50 kwa 1. Mabomba 3, una 30 kwa 1 iliyopungukiwa kidogo, kwa hiyo ongezeni mililita 17 kwa kufuata mistari. Ndiyo, na lenyewe lina mistari.