Mandvi si ufuo na kasri tu

Mwandishi, makala yako kuhusu Mandvi, ule mji mdogo wa Kutch kule Gujarat, India, imesifu ufuo na kasri la Vijay Vilas mpaka basi, lakini Mto Rukmavati umeugusa kwa mstari mmoja. Mbona roho ya mji iko hapo! Kando ya mto ule majahazi ya mbao yanaundwa mpaka leo, marefu kama nyumba ya ghorofa, mbavu zi wazi juani, mafundi wakipiga kalafati ya pamba baina ya mbao. Mabaharia wake wengi ni Wakharva, kazi ya bahari wameirithi tangu jadi. Sisi wa Mombasa na Unguja majahazi ya huko tuliyaita kotia: yalikuja na kaskazi yamejaa nguo, yakarudi na kusi yamebeba pembe za ndovu na karafuu. Siku hizi yanatiwa injini, matanga ndiyo basi tena.

Na dabeli je? Mkate mdogo uliojazwa viazi vya viungo, karanga na komamanga, asili yake Mandvi hapo hapo, wala hukuitaja! Hilo nakusamehe kwa shida.