Watoto wa shule ya msingi wafundishwe dini za wenzao?

Wanaokataa wana hoja. Mzazi anahofia mwanawe kuvutwa dini nyingine, na Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inaweka uenezaji wa dini kuwa hiari ya mtu na jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mtoto wa darasa la pili naye huchanganya mambo. Kwa hiyo kipindi cha dini, kila mtoto na imani yake, kibaki.

Ila wanaotaka pia kikao cha pamoja cha watoto wa dini zote wanasingiziwa kuchanganya dini. Wanachotaka ni mtoto ajue mwenzake anaheshimu nini. Mbagala, Dar es Salaam, Oktoba 2012, ubishi wa watoto juu ya Kurani uliishia mmoja kuikojolea, na makanisa yakachomwa. Aprili 2013 Tunduma ikachafuka kwa mgogoro wa nani achinje mifugo, Mwislamu au Mkristo. Wa Tunduma walikuwa watu wazima; wa Mbagala ulianzia kwa watoto, na hilo ndilo la kutisha. Ubishi kama ule hutokea njiani, mwalimu hayupo, mtoto ana yale tu aliyoyasikia mtaani.

Huku Rungwe au Makete, Waislamu wakiwa wachache na ustadhi yuko mbali, kipindi kikifika ni rahisi watumwe maji wenzao wakiimba. Wanajifunza nini hapo? Kwamba imani yao ni muda wa kazi za mikono. Na wenzao wanajifunza hivyohivyo.

Kikao kimoja kwa mwezi kinatosha, dakika 40, kuanzia darasa la nne. Maswali yaandikwe kwenye vikaratasi siku moja kabla, mwalimu ayachuje: “Mbona hamli nguruwe?” libaki, “Dini ipi ya kweli?” litoke. Ustadhi na mwinjilisti wajibu, kila mmoja ya kwake tu. Mwalimu aseme “Waislamu wanaamini”, “Wakristo wanaamini”, kamwe asiseme “sisi” na “wao”.

Kinachoharibu ni sala ya pamoja. Mwalimu anafungua kwa pambio akidhani ni ukarimu, kesho yake mzazi yuko ofisini kwa mwalimu mkuu, na ana haki. Kosa jingine ni kumsimamisha mtoto wa miaka kumi aueleze Uislamu wote. Aulizwe analolijua: nyumbani kwao daku huliwa saa ngapi, anaanza kufunga siku nzima lini. Hayo atayajibu vizuri kuliko mtu mzima yeyote.