Chungwa la Muheza halingojei programu ya simu

Kila nikienda Tanga likizo sikosi kukutana na kijana mwenye wazo la biashara aliloliokota Ulaya. Safari hii wazo lenyewe ni programu ya simu ya kuuza chakula kinachobaki hotelini na migahawani, kisitupwe. Mpwa wangu wa Chumbageni kanitumia andiko zima kwa WhatsApp: "Shikamoo shangazi. Wewe uko huko huko zilikoanzia, nipe maoni." Kwa kuwa wanaoniuliza jambo hili si yeye peke yake, bora niwajibu wote kwa pamoja.

Kweli zilianzia huku. Naishi Copenhagen, na Too Good To Go, programu ya aina hiyo, ilizaliwa hapa hapa mwaka 2015. Mwoka mikate akikaribia kufunga duka anatangaza kwenye simu kwamba ana mifuko kadhaa ya vilivyobaki. Unalipa kama theluthi ya bei, unafika saa uliyopangiwa, unakabidhiwa mfuko bila kujua ndani mna nini. Mwaka 2016 likafunguliwa duka la WeFood, la shirika la misaada la kanisa, linalouza vitu ambavyo maduka makubwa yangevitupa: makopo yaliyobonyea, biskuti zenye lebo iliyokosewa, pasta iliyopita tarehe ya ubora. Tarehe ya ubora, nasema, maana ile ya usalama, ya nyama na samaki, hakuna anayeichezea. Wauzaji ni watu wa kujitolea, na faida inakwenda kwenye kazi ya kupambana na njaa. Nanunua huko na sioni haya. Wazungu wenye magari ya maana tunapanga nao foleni moja.

Ila tuelewane kwa nini huku inalipa. Huku chakula kinafia mwishoni, kwenye rafu za maduka na kwenye friji za watu. Mwoka mikate anajua fika kwamba hatamaliza mikate yote, lakini rafu tupu saa kumi na moja jioni inamfukuza mteja, kwa hiyo anaoka ya kuuza na ya kupamba. Nyumbani nako watu wawili wana friji ya kutosha ukoo mzima. Mtindi ukipitisha tarehe siku moja unamwagwa bila hata kunuswa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kilichokwisha kufika madukani, mahotelini na majumbani, na asilimia 60 ya hicho ilitoka majumbani. Hapo programu ya simu ina kazi ya kufanya.

Sasa ilete Ngamiani, pale Tanga mjini. Mama ntilie wa Barabara ya 12 anapika akiwa anawajua wateja wake kwa majina, na wali ukibaki ni kiporo cha asubuhi kwa chai. Kichwa cha samaki ni supu. Maganda ya ndizi yana mbuzi wanaoyasubiri nje. Pale soko la Mgandini, jua likianza kuinama, nyanya zilizolainika zinapangwa mafungu ya bei ya chini, na mama ntilie yule yule yuko hapo anazigombea za mchuzi wa kesho. Soko la vilivyobaki tunalo, linaendeshwa kwa mdomo, na halimkati mtu kamisheni. Labda arusini ndiko kunakobaki pilau, na hata huko kina mama wana mikoba. Programu ya mpwa wangu itakuja kukata asilimia kati ya watu wawili ambao walikwisha kuelewana tangu jana.

Kwetu chakula kinafia mapema, shambani na njiani, kabla hakijamwona mlaji. Anayetaka kufanya biashara ya kuokoa chakula Tanga apande basi, ashuke Muheza msimu wa machungwa ukiwa umekolea.

Chungwa letu lina tabia yake. Linaiva likiwa bado na ganda la kijani, kwa sababu rangi ile ya kwenye picha inaletwa na baridi ya usiku, na pwani baridi hiyo tutaitoa wapi. Likishaanguliwa haliendelei kuiva, linaanza kuharibika tu. Mnunuzi anakuja na fuso, na mara nyingi shamba alilinunua zamani, matunda yakiwa bado machanga na mkulima akiwa na ada ya shule shingoni. Vijana wanaangua kwa miti mirefu. Yaliyotua vizuri yanapakiwa; madogo, yenye makovu na yaliyoangukia jiwe yanabaki chini ya mti. Liokote moja ulibonyeze kwa kidole gumba: upande mmoja umelegea na umeanza kuota ukungu, upande wa pili mgumu, mzima, ukilikata juisi inakuchuruzika hadi kwenye kiwiko. Nusu nzima ya chungwa inaoza kwa kuchubuka mahali padogo kuliko shilingi.

Lushoto ni kisa kile kile kwa sura nyingine. Kabichi zinashindiliwa lumbesa mpaka gunia linaota kichwa, na za chini zinakuwa zimepondeka kabla gari halijafika Mombo. Mkulima kapunjwa kwenye kipimo, mlaji kapunjwa kwenye kabichi. Wakala wa Vipimo wanaipiga marufuku kila mwaka na lumbesa inazidi kunenepa. Hapa ndipo ninapoisifu Denmark bila kinyongo: mizani. Huku hakuna anayeuza gunia kwa kulitazama.

Kwa hiyo biashara ninayoiona mimi ni jiko la kusindika, dogo, liwe Muheza kwenyewe, linalonunua yale ya chini ya mti kabla hayajalala siku ya pili. Juisi nisingeanza nayo. Inataka baridi kila hatua, umeme ukikatika umepoteza mzigo, na juisi ya machungwa mengine ikikaa inageuka chungu. Ningeanza na jemu ya machungwa na maganda ya kuchemsha kwa sukari. Ule utando mweupe wenye pektini, tunaoutema, ndio unaoifanya jemu ishikane, na maganda tayari yamejaa chini ya meza za wamenya machungwa wa stendi. Kazi yake leo ni kuchomwa kufukuza mbu. Embe zikija, achari. Anayejua kupika achari Tanga hatafutwi kwa tangazo.

Ugumu uko kwenye chupa. Chupa yenye mfuniko unaobana inaweza kukugharimu kuliko kilichomo ndani, na ya kuokota usiitie jemu unayotaka iingie dukani. Vibali navyo vina mlango wake: tangu 2019 usalama wa chakula uko TBS, shirika la viwango, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha usindikaji na kumshika mkono mjasiriamali mdogo hadi apate alama ya ubora. Anzia hapo, usianzie kwa mbunifu wa nembo.

Halafu kuna hili neno la wafanyabiashara, kuwajibika kwa jamii. Huku limekuwa kama chumvi, kila bidhaa inanyunyiziwa. Nimeshaona biashara moja ya huko kwetu, sitaitaja, imeweka picha ya mama mkulima kwenye lebo na mama mwenyewe anadai hela ya msimu uliopita. Kwangu mimi kuwajibika kunapimwa siku ya kulipa. Chungwa la chini ya mti linunuliwe kwa kilo, mbele ya mwenye shamba, taslimu, kwa bei iliyotajwa kabla ya kuangua. Kina mama wanaomenya walipwe siku yao hata sukari ikichelewa kufika. Na kitakachotoka humo kiwe kizuri, kiuzwe kwa bei ya kitu kizuri. Hizi habari za kuwauzia maskini mabaki kisha tukajipiga picha tukigawa, mimi zinanikera hata huku, na kwetu, ambako maskini huyo ndiye aliyelima, zinakera zaidi.

Mpwa wangu atasema shangazi amezeeka, anamleta mtu wa kompyuta kwenye sufuria. Kompyuta atapata pa kuitumia: ajue nani ana machungwa chini leo, fuso linaondoka saa ngapi, nani hajalipwa. Hiyo ni simu ya kawaida na daftari, na kwa kuanzia inatosha.

Nimemwambia hela ya programu sitoi. Nitatoa ya mizani, ya sufuria mbili kubwa na ya chupa za msimu wa kwanza, akipata ua lenye maji karibu na barabara ya Segera, na kila Jumamosi anitumie picha ya daftari la malipo ya wakulima. Bado hajanijibu.