Bukoba, Musoma na Somo Tunalolidharau

Katika kikao cha wazazi nilichohudhuria hivi karibuni, mzazi mmoja aliomba wanafunzi wanaopenda sayansi waruhusiwe kuacha Jiografia mapema, kwa maelezo kwamba somo hilo ni la kukariri majina ya milima na mito, na kwamba hata mada ya hali ya hewa iliyomo ndani yake ni fizikia iliyowekwa mahali pasipo pake. Wazazi wengi waliafiki, na hakuna mwalimu aliyesimama kumjibu. Niliondoka nikiwa nimeudhika kweli, kwa sababu wazo hilo halikuanza na mzazi yule na wala halitaishia kwake. Limeenea mpaka kwa watu wanaopanga nini kifundishwe na nini kipunguzwe.

Chukueni ramani ya Ziwa Victoria. Bukoba iko upande wa magharibi na Musoma upande wa mashariki. Miji hiyo miwili iko karibu kabisa kwenye latitudo moja, nyuzi moja na ushei kusini mwa ikweta. Yote miwili imekaa ufukweni mwa ziwa lilelile, kwenye mwinuko wa zaidi kidogo ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua linaloipiga ni moja. Hata hivyo, Bukoba hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Musoma haifikishi hata nusu ya kiasi hicho. Ndiyo maana upande mmoja mgomba umekuwa chakula, heshima na uchumi wa kaya, na upande wa pili mkulima amejifunza kutegemea mihogo na mtama.

Tofauti hiyo inatokana na mahali. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na hewa nzito iliyopoa huanza kuelekea ziwani kutoka pande zote. Pepo hizo zikikutana juu ya maji hazina pa kwenda isipokuwa juu, na kwa kuwa zimebeba mvuke mwingi wa maji yenye uvuguvugu, mawingu ya radi hujengeka usiku wa manane. Upepo mkuu wa ukanda huu huvuma kutoka mashariki, hivyo mawingu hayo husukumwa kuelekea magharibi na kuifikia Bukoba kunapokaribia kupambazuka. Mchana mambo hugeuka: nchi kavu inapata joto, upepo unatoka ziwani, na radi zinahamia kwenye nyanda za juu za mashariki, hadi Kericho nchini Kenya, ambako wakulima wa chai wanaijua vizuri mno mvua ya mawe ya alasiri.

Sheria za joto na mgandamizo wa hewa ni zilezile Bukoba, Musoma na kwingineko kote duniani, na kwa sababu hiyohiyo haziwezi peke yake kutueleza kwa nini miji hii miwili imetofautiana. Ondoa umbo la ziwa, ondoa upande unakotokea upepo, ondoa nyanda za juu zilizolizunguka, na mwanafizikia wako hodari atabaki na milinganyo isiyo na jibu. Mzazi mwenzangu alisema Jiografia imeazima mada ya hali ya hewa kutoka fizikia. Mimi nasema elimu ya hali ya hewa hujifunza kwa fizikia namna hewa inavyofanya kazi, na hujifunza kwa jiografia ni wapi, lini na juu ya nani.

Nasema juu ya nani kwa sababu kuna watu wanaokufa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa katika usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, kwa sababu hufuata mwanga wa taa. Wavuvi hutoka mwaloni jioni kwa mitumbwi ya mbao, huweka taa zao zielee juu ya maji, kisha husubiri kwa saa nyingi dagaa wajikusanye chini yake kabla ya kuvuta nyavu. Saa hizo za kusubiri ndizo saa ambazo ziwa hutengeneza dhoruba zake. Mtu aliyeinamia taa kwa muda mrefu haoni mbali gizani, na wingu linaweza kujengeka asilitambue mpaka ule upepo wa ghafla wenye baridi, unaotangulia mvua ya radi, uwe umeshafika na mawimbi yameanza kuinuka. Wakati huo ufuko uko mbali. Mvuvi huyo hafaidiki sana na tangazo linalosema kwamba Kanda ya Ziwa inatarajiwa kuwa na vipindi vya mvua na ngurumo za radi katika baadhi ya maeneo. Anataka kujua ni upande gani wa ziwa, saa ngapi, na upepo utatokea wapi.

Hilo linawezekana, kwani limeshafanyika. Katika mradi wa HIGHWAY, uliomalizika mwaka 2021 na kuzishirikisha taasisi za hali ya hewa za nchi zetu za Afrika Mashariki, wataalamu waliketi na wavuvi, na utabiri wa ziwa ukatolewa kwa kuzingatia maeneo tofauti ya ziwa na vipindi tofauti vya siku. Utabiri ulianza kumfaa mvuvi pale ramani ilipopewa uzito uleule wa hesabu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba utabiri wa leo hufanywa kwa hesabu nzito ambazo mwalimu wa Jiografia hawezi kuzifanya ubaoni. Tangu mwanasayansi wa Norway, Vilhelm Bjerknes, alipopendekeza mwaka 1904 kwamba hali ya hewa itabiriwe kwa kanuni za fizikia, na Mwingereza Lewis Fry Richardson alipochapisha jaribio lake la kuihesabu mwaka 1922, njia imekuwa hiyo, na kompyuta zimeithibitisha. Lakini kompyuta hizo huigawa dunia katika miraba, na kila mraba hupewa mwinuko wake wa wastani. Mraba ukiwa na upana wa kilomita 25, Kilimanjaro ya mita 5,895 huchanganywa na misitu na vijiji vilivyo chini yake, na mlima mrefu kuliko yote Afrika hupungua sana kimo. Upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi, ambao kwa kweli hulazimika kupanda mteremko, kupoa na kumwaga mvua, ndani ya kompyuta hukutana na kizuizi kidogo kuliko kilivyo kweli. Mtu asiyeijua nchi hawezi hata kugundua kwamba jibu alilopewa lina kasoro.

Marangu na Same ziko katika mkoa mmoja, na mara nyingi wakazi wake husikia tangazo moja la redio. Marangu iko kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Kilimanjaro, inakabiliana na upepo wa baharini, na vihamba vyake vya migomba na kahawa vinaonyesha hivyo. Same iko nyuma ya milima ya Pare, mahali ambapo upepo huohuo hufika ukiwa umeshaacha unyevu wake mlimani, na mkonge ndio unaostahimili tambarare zile. Mkulima wa Same anayesema watabiri wamemdanganya hajadanganywa na mtu. Hakuna aliyemfundisha kwamba milima iliyo mashariki mwa shamba lake ni sehemu ya hali ya hewa yake.

Mfano wa pwani nitautaja kwa kifupi. Vimbunga huhitaji msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia, na msukumo huo hudhoofu kadiri unavyoikaribia ikweta. Kwa hiyo pwani yetu husalimika mara nyingi kuliko ya Msumbiji. Kusalimika mara nyingi hakumaanishi kusalimika daima, kama Lindi ilivyoshuhudia mwaka 1952 na Mafia mwezi Mei 2024 kilipofika kimbunga Hidaya.

Kwa wanaodhani kwamba mpaka kati ya sayansi hizi ni wa asili, nawakumbusha kwamba Alexander von Humboldt, anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa jiografia ya kisasa, ndiye aliyechora mwaka 1817 mistari inayounganisha mahali penye wastani sawa wa joto, na kwamba Alfred Wegener, aliyeleta mwaka 1912 hoja ya mabara kusogea, alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa.

Lakini mzazi yule hakulitoa wazo lake hewani, na hapa lawama ni yetu tunaofundisha na tunaotunga mitihani. Katika shule nyingi kile kisanduku cheupe cha vipimajoto, chenye kuta za mbao zilizopangwa kwa mshazari ili hewa ipite na jua lisiingie, kimebaki fremu tupu katikati ya nyasi, na mwanafunzi hukichora daftarini bila kuwahi kukifungua. Ameambiwa akariri majina ya vifaa saba. Hajawahi kuulizwa kwa nini mvua ya kijijini kwao hutokea upande uleule kila masika. Mtoto wa namna hiyo akisema Jiografia ni kukariri, anasema kweli.

Kipimamvua ni faneli, chombo na rula, na shule yoyote inaweza kukitengeneza. Ninachokitaka, na nitakipeleka kwa maandishi katika kikao kijacho, ni kwamba shule yetu ishirikiane na shule iliyo upande wa pili wa mlima, wanafunzi wa pande zote mbili wapime mvua kila siku saa tatu asubuhi msimu mzima wa masika, na wabadilishane takwimu kila Ijumaa. Mwalimu wa Fizikia na mwalimu wa Jiografia wasimamie kazi hiyo pamoja, na watoto wenyewe waeleze mbele ya wazazi kwa nini namba zao zimetofautiana.